Asparagasi Haichumwi Kama Majani Chai

Siku ya kuniaga watu sita walisimama kusema juu yangu, na wote sita walisema uongo mzuri. Mmoja alisema mimi ni mnyenyekevu. Sharon, wewe uliyeachiwa funguo za stoo ya bustani, ulicheka mpaka soda ikakutokea puani; nilikuona. Baadaye ukaja ukaniambia, "Mzee Mogaka, si utuandikie vile hiyo kazi inaenda, tusije tukaua kitu." Basi nimeandika. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo wenye kutafuta nukta na koma watafute kwingine. Hapa kuna asparagasi.

Mambo ya vyeo nitayaruka. Vyeo nilipewa, na mshahara haukupata habari. Nitaanza pale mtu huanza, chini.

Nilitoka upande wa Nyamira nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaandikwa kuchuma majani chai kwa shamba moja hapa Kericho. Siku ya kwanza nilipewa kikapu, epuroni ya plastiki na fito. Kwa nyinyi mliokuja mkakuta mashine: fito ni kijiti kirefu kilichonyooka, unakilaza juu ya mche wa chai. Kile kinachochungulia juu ya fito, majani mawili na kichipukizi, unachuma. Kilicho chini unaacha. Ukimaliza, meza ya chai, ule uso wake wa juu, inabaki sawa kama kitanda cha hospitali ambacho bado hakijapata mgonjwa. Baada ya siku saba au nane unarudi, imechungulia tena, unachuma tena. Usiporudi inakimbia juu, na nyapara anakuita mbele ya watu anakuuliza kama ulikuja Kericho kupanda msitu.

Wiki ya kwanza vidole vilinifura na mgongo ukanilaza kifudifudi. Mwezi wa tatu nilikuwa nachuma kushinda wanawake wawili na mwanamume mmoja mvivu wakiwekwa pamoja. Sijisifu bure; yule aliyekuwa anasoma mizani bado yuko hai, mkamuulize. Na meza yangu ndiyo ilikuwa imenyooka kuliko zote. Meneja alikuwa akiwapitisha wageni pale kwangu, anawaonyesha kwa kidole, na mimi najifanya sioni huku nimejaza kifua. Ndiyo sababu, mwaka wa saba, nyumba ya wageni ilipokosa mtu wa kukata ua wa kayaba, nilitumwa mimi. Walitafuta mtu wa mstari. Mstari ulikuwa ni mimi.

Bustani ya nyumba ya wageni wakati huo ilikuwa ya Mzee Sigei. Kwa karatasi ilikuwa ya kampuni, lakini ungemwambia Mzee Sigei hivyo uone. Alikuwa Mkipsigis wa upande wa Bomet, mrefu, mkavu kama kuni ya mwaka jana, na alikuwa akiongea na mimea kwa sauti na watu kwa kunong'ona. Siku ya kwanza hakuniangalia uso. Aliangalia mikono.

"Wewe ni mchumaji?"

"Mchumaji namba moja, Mzee."

"Hiyo ni shida," akasema. Akanipa jembe, halafu akafikiri, akalichukua tena.

Alinipeleka nyuma ya jikoni. Pale palikuwa na matuta manne marefu yamezungushiwa kamba ya katani. "Jembe haivuki hii kamba," akasema. "Magugu ni ya kung'oa na vidole. Hapa chini kuna mizizi imelala kama buibui, miguu kila upande. Ukikata mguu moja, yeye hasemi kitu. Anakumbuka tu."

Mimi niliona udongo na samadi. Nikasema moyoni, huyu mzee jua limempiga. Lakini mvua ya Machi ilipoanza, asubuhi moja udongo ulitoboka ukatoa vidole. Vidole vya kijani, ncha zambarau kidogo, vimesimama bila jani hata moja, kama watu waliozikwa wakiwa bado wameinua mkono kuuliza swali. Hiyo ndiyo asparagasi. Watu wa jikoni waliita kwa jina lake la kizungu na kuzungusha mdomo. Sisi wa bustani tuliita vidole, na mpaka leo tunaita hivyo.

Unakata asubuhi mapema, kwa kisu kifupi, chini kidogo ya uso wa udongo, kidole kikiwa na urefu wa shibiri moja. Ukisema utakuja kesho, kesho kimekwisha kufungua kichwa, kimekuwa kigumu, na mpishi anakirudisha kama barua iliyokosea nyumba. Unafunga kumi na mbili kwa kamba ya mgomba, unavisimamisha kwa maji kidogo kama maua. Mpishi anavichemsha dakika chache tu, anaweka siagi, na mgeni aliyetoka ng'ambo anafumba macho kama anaombewa.

Na niseme ile habari ya choo, kwa sababu hakuna mwingine atawaambia. Kila msimu wa vidole, Mama Cherono aliyekuwa akisafisha vyumba alilalamika kwamba vyoo vya wageni vinanuka kabichi iliyooza. Fundi wa mabomba aliitwa. Akachimba, akabadilisha bomba, akachimba tena. Shida ilikuwa ni hii: mtu akila asparagasi, mkojo wake unatoa harufu hiyo, hata awe nani. Mzee Sigei alikuwa anajua miaka yote.

"Sasa Mzee, si ungewaambia?"

"Waliniuliza mboga. Hakuna mtu aliniuliza choo."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kuloweka mbegu siku mbili, zile nyeusi zinazotoka ndani ya vitunda vyekundu. Unapanda, unangoja. Mwaka wa kwanza hukati. Wa pili hukati. Wa tatu unakata kidogo huku unaomba radhi. Baada ya hapo, ukimtunza, anakupa miaka ishirini. Yale matuta manne Mzee alikuwa ameyaotesha mwenyewe kwa mbegu, yalikuwa na miaka kumi, na yeye alikuwa karibu kustaafu. Maana yake, yakifa, hangepata wakati wa kuotesha mengine. Hakuwa na kitu kingine cha kuonyesha kwa maisha yake yote ya kazi. Ua nilikuwa nakata mimi, nyasi ilikuwa inakatwa na mashine. Matuta yalikuwa yake.

Sheria ilikuwa moja. Unakata siku hamsini. Ya hamsini na moja, kisu kinarudi stoo na kila kidole kinachotoka kinaachwa kiende juu. Kinafunguka kinakuwa manyoya ya kijani, kama yale wanaweka kwa maua ya bibi harusi, mpaka kinakufikia kifuani. Kinakaa hivyo mpaka jua la Januari likikausha, ndipo unafyeka, unaweka samadi, unanyima maji, kinalala.

"Haya manyoya ndiyo inakula," Mzee aliniambia. "Inakula huku juu, inaweka akiba kule chini. Mwaka ujao inakupa kwa hiyo akiba."

Nilisema ndiyo, Mzee. Nilimsikia vile mtu husikia redio ya jirani.

Mwaka wangu wa pili pale, mwezi wa tano ulipoanza, Mzee aliomba likizo. Bintiye alikuwa anaposwa, na Mkipsigis hawezi kukosa koito ya binti yake, yale mazungumzo ya mahari ambayo wazee wanakaa chini kuhesabu ng'ombe kwa adabu. Alipitia kwenye matuta kabla ya kwenda.

"Leo ni siku ya ngapi?"

"Arobaini na nane."

"Kesho?"

"Nakata."

"Kesho kutwa?"

"Nakata."

"Halafu?"

"Halafu naacha, Mzee. Mimi si mtoto."

"Nyinyi watu wa Kisii mnachuma kama mnafukuzwa na mvua."

"Na nyinyi mnangoja kama ng'ombe ndiye atachuma."

Akacheka, akaenda. Ilikuwa likizo ya wiki tatu. Lakini ng'ombe mmoja wa mahari alimpiga teke akamvunja mguu, na Mzee akakaa Bomet miezi minne. Mkwe alisikitika sana, lakini ng'ombe hakubadilishwa.

Mimi niliacha kukata kama nilivyoagizwa. Niliacha siku nne nzima. Vidole vilikuwa vinatoka, hiki kirefu, hiki kifupi, kingine kimeanza kufungua manyoya, kama watoto wa shule bila mwalimu. Wachumaji wenzangu wa zamani walikuwa wakipita kando ya ua wakienda kupima chai. "Mogaka!" mmoja akaita. "Siku hizi unapanda msitu?" Wote wakacheka. Nawaambia, mtu aliyechuma chai miaka saba hawezi kupita mahali ambapo kitu kinakimbia juu bila kusikia nyapara nyuma ya shingo. Siku ya tano nilienda nyumbani nikachukua fito yangu. Nikailaza juu ya tuta la kwanza. Kila kilichochungulia, nikakata. Tuta la pili hivyo. La tatu, la nne. Nikasimama pembeni nikaangalia. Ilipendeza, siwezi kudanganya.

Baada ya wiki vilikuwa vimetoka tena. Kama chai kabisa! Nikasema, kumbe huyu mzee anafanya kazi siku hamsini kwa mwaka na zingine zote anapumzisha mgongo. Nikakata tena. Mwezi wa sita nikakata, wa saba nikakata. Meneja alikuja bustanini mwenyewe na wageni wake. "Miaka yote hii," akawaambia, "tumekuwa tukila hii kitu wiki chache tu. Huyu kijana ametuonyesha inaweza kutoka mwaka mzima." Nilisimama pale na fito mkononi kama askari. Hakuna siku kwa maisha yangu nimewahi kuwa na akili nyingi kama siku hiyo.

Sasa, unene. Mwezi wa tano kidole kilikuwa kama kidole gumba changu. Wa sita kikawa kama penseli. Wa saba kikawa kama bua la ngano, na mpishi akauliza kama nimeanza kumletea waya. Nilimwambia ni baridi ya Julai. Mwezi wa nane vikawa njiti za kiberiti, nikasema ni ile mvua ya mawe. Kulikuwa na mvua ya mawe kweli, lakini ilinyesha upande wa Londiani.

Mzee Sigei alirudi mwisho wa mwezi huo akitembea na fimbo. Hakunisalimu. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye kamba, akaketi chini na mguu mbovu ameunyoosha mbele, akafukua kwa vidole mpaka akafikia mizizi. Ilikuwa imelegea, mitupu, kama soksi isiyo na mguu.

"Ulichuma," akasema.

"Nilichuma, Mzee. Kila wiki. Sikukosa hata moja."

"Na fito?"

"Na fito."

Nilingoja anipige na fimbo. Ningefurahi. Badala yake alirudisha udongo juu ya ile mizizi polepole, akaupapasa kama anafunika mtoto. "Umekamua ng'ombe miezi minne bila nyasi," akanong'ona. "Sasa ameanguka, unaniambia hukukosa kukamua."

Septemba hakikutoka hata kidole kimoja. Meneja akaja kuuliza. Mzee akamwambia matuta yamechoka, mwaka unaokuja hakuna kukata kabisa, pengine yataamka.

"Yalikuwa sawa mpaka ukarudi wewe," Meneja akasema.

Mzee akainama akakaza kamba ya katani. Mimi nilikuwa pale pale nimeshika wilbaro. Nililiangalia gurudumu la ile wilbaro kwa makini sana. Naweza kuwachorea mpaka leo. Sikusema neno. Na kwa kuwa sikusema, shamba zima likasema. Ikazunguka kwamba Mzee Sigei alirudi akakuta kijana amemshinda, wivu ukamshika, akamwaga chumvi kwa matuta. Mama Cherono aliniuliza kama ni kweli. Nikamwambia mimi sipendi udaku. Mnaona vile nilikuwa mtu wa maadili.

Mzee alikuwa amebaki na mwaka mmoja na miezi michache tu hata ungehesabu vipi. Mwisho wa mwaka unaofuata angeenda nyumbani. Na vile mambo yalikuwa, angeenda na jina la mtu aliyeua kazi yake mwenyewe kwa wivu.

Machi ikaja, mvua ikanyesha. Tulikuwa tukichungulia kila asubuhi, yeye upande wake na mimi wangu, bila kuongea. Wiki ya pili vikatoka. Havikuwa vingi, labda thelathini kwa matuta yote manne, lakini vilikuwa na unene wa penseli. Mzee alivua kofia. Alianza kuviongelesha Kikipsigis, sikuelewa, lakini sauti nilielewa.

Ijumaa hiyo Meneja akashuka nyuma ya jikoni. Wanunuzi wa chai walikuwa wanafika kesho yake, na alikuwa amewaahidi asparagasi ya Kericho.

"Hivi vinatosha," akasema. "Mogaka, kata."

"Ukikata hii, imekufa," Mzee akasema. "Hakuna akiba ingine chini. Hii ndiyo ya mwisho."

"Mzee, wewe ndiye uliharibu hii shamba. Sasa unataka kunifundisha? Mogaka, kata!"

Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Mzee hakuniangalia. Alikuwa anaangalia vidole vyake, vile mtu anaangalia watu wa nyumbani kwake wakipanda gari. Nataka kuwaambia kwamba nilifikiria haki na ukweli. Sikufikiria kitu. Miguu ilivuka kamba, nikafika katikati ya tuta, nikasikia udongo laini chini ya gambuti, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ni mimi niliua," nikasema.

"Nini?"

"Miezi minne, Meneja. Nilichuma kama chai. Mzee aliniambia niache siku ya hamsini, sikuacha. Ile umeonyesha wageni, ile ndiyo ilikuwa kuua. Hajaweka chumvi mtu."

Mpishi alikuwa mlangoni, na Mama Cherono nyuma yake na ndoo, kwa hivyo kabla ya chakula cha mchana shamba zima lilikuwa limejua.

"Kwa hivyo ulinisimamisha mbele ya wageni nikakusifu," Meneja akasema, "na fito mkononi."

"Ulinisifu vizuri sana," nikamwambia. Lilikuwa jibu baya.

Wanunuzi wa chai walikula maharagwe machanga na hakuna aliyekufa. Jumatatu nilirudishwa kwa chai. Miezi tisa nilichuma, na wale waliokuwa wakinicheka kando ya ua walinipokea kwa nyimbo. Mkono ulikuwa haujapoteza kitu, hilo mjue. Lakini nilikuwa napita kando ya ua jioni, na kila nikipita nilikuwa naona manyoya ya kijani yanapanda, kiunoni, halafu kifuani, na Mzee katikati yake na fimbo, anaongea. Siku moja aliniona. "Mogaka," akaita kwa sauti, yeye ambaye hakuwahi kumwita mtu kwa sauti. "Si uingie ung'oe haya magugu, ama unangoja fito?" Nikaingia. Niliingia kila jioni mpaka Desemba.

Mzee alistaafu bila kukata kidole kingine hata kimoja. Meneja alitafuta mtu wa kushika bustani, akakuta hakuna anayejua matuta yale yanataka nini, isipokuwa yule aliyeyaua. Ndivyo nilivyopata kazi ambayo nyinyi mnaisifu. Miaka yote baada ya pale mliiona wenyewe au mmeisikia kwangu zaidi ya mara moja, sina haja kuirudia.

Lakini hamjui habari ya Machi iliyofuata. Vidole vilitoka vinene kuliko gumba langu. Nikakata fungu la kwanza, nikamwomba Meneja, na badala ya kulipeleka jikoni nikalipeleka Bomet. Mzee alikuwa ameketi nje na mkewe, Mama Chebet. Alivishika kimoja kimoja, akavipima, akanusa pale kisu kilipita.

"Hii inapikwa aje?" Mama Chebet akauliza.

Nikamgeukia Mzee. Akakuna shavu. "Sijui," akasema. "Sijawahi kuikula."

Miaka kumi na zaidi! Mama Chebet alivikatakata akavichemsha saa nzima na maziwa, kama isagek, zile mboga chungu sisi kwetu tunaita chinsaga, akaleta na ugali. Mpishi wa nyumba ya wageni angelia. Tulikula. Mzee alitafuna muda mrefu, akameza.

"Ni mboga," akasema.

Baada ya kunawa mikono aliniita nyuma ya zizi. Pale, ndani ya uzio mdogo wa miti, kulikuwa na miche kumi na miwili ya asparagasi, manyoya yake yamefika kiunoni, magugu hakuna hata moja. Nikauliza alipanda lini.

"Ile wiki nilirudi na mguu nikakuta umeua. Nilikuwa nimeweka mbegu kidogo, Jumapili nikaja nikapanda hapa. Nikasema, huyu Mkisii hata nikiamsha zile, nikienda nyumbani ataua tena. Ukiua, ningekuja na hizi nipande pale upya."

Nikachutama nikahesabu ile miche, nikaihesabu tena.

Mzee alichukua jembe lililoegemea zizi, akang'oa mche wa kwanza na buibui yake yote. Halafu wa pili. "Mzee, acha," nikamwambia. "Ni mwaka mzima na nusu hiyo!" Hakuacha mpaka wa kumi na mbili. "Hizi hazina kazi tena. Mama amesumbua muda mrefu, anataka hapa sukuma wiki," akasema, akaokota manyoya yote kwa kumbatio moja akamtupia ndama.

Ndama akanusa, akanusa tena, akageuza kichwa akaangalia upande mwingine.